Muulize Bibi wa Masjala: Mtani aliyeingia kaburini

Mwezi uliopita tulikutana tena Muheza, siku yetu ya kufundishana kutafuta asili za koo, katika ukumbi wa parokia wenye feni tatu na inayozunguka moja. Tulitegemea watu 20, wakaja zaidi ya 40. Maandazi yakaisha kabla ya saa nne, bango kitita tuliloazima shuleni likajaa, tukaanza kuandikia nyuma ya kalenda za zamani. Tangu siku hiyo simu yangu haipumui. Maswali mengine nimeyajibu kwa ujumbe, haya sita nimeyaleta hapa kwa kuwa najua wenye shida kama hizi ni wengi.

Kwa msionijua: nimekuwa karani wa masjala miaka 31. Historia sikuisomea. Ninachokijua ni mafaili, na faili lina kanuni moja: karatasi isiyoonyesha imetoka kwa nani haina kazi, hata kama imeandikwa kwa mwandiko wa dhahabu.

Shikamoo Bibi. Babu mzaa baba alifika Tanga kama manamba, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge hadi alipofariki 1988. Baba alizaliwa kambini, kwao babu hakuwahi kufika. Kwenye karatasi ya kazi babu ana jina moja, shangazi anasema jina lake la kwao ni lingine. Wapo wanaosema alikuwa Mngoni, wapo wanaosema Muha. Nianzie wapi? — Mjukuu wa Manamba, Korogwe

Marahaba mwanangu. Nakukumbuka, wewe ndiye uliyekuja na ile karatasi kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne. Usiikunje tena palepale, mkunjo ndio unaoua karatasi. Ilaze katikati ya daftari kubwa na daftari ulilaze chini ya godoro kama pasi hakuna.

Jina lililoandikwa humo usiligombe. Watu walioletwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanza 1944 kukusanya vibarua wa mikoa ya mbali, walijulikana kwa namba kabla ya majina, na ndiyo maana hadi leo tunawaita manamba. Karani wa shamba aliandika alichosikia. Akitajiwa jina la Kiha na yeye ni Mbondei, anaandika linalofanana na analolijua. Halafu kuna habari ya vipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, kila siku uliyomaliza inatiwa alama, kadi ikijaa ndipo unalipwa. Wazee wa kambini wananiambia mtu akitoroka au akifa ameshajaza siku 18, kadi ile haikuachwa iende bure, mwingine aliimalizia kwa jina la mwenyewe. Kwa hiyo babu yako kuwa na majina mawili si ajabu, na wewe usichague. Yaandike yote mawili, kila moja na mdomo uliolitoa.

Sasa shangazi. Yupo hai, ana nguvu, halafu unamuuliza "Babu alikuwa kabila gani?" Swali hilo ameshaulizwa mara mia, na jibu lake limeshachakaa kama noti ya zamani ya mia tano. Muulize habari za msiba.

Ulikuwa safu ya nyuma, labda hukusikia mazungumzo yangu na yule mama wa kanga ya kisutu. Naye baba yake alikuwa manamba, alikuwa akifanya kazi korona. (Vijana wakisikia korona wanashika barakoa. Hiyo ni mashine ya kuchakata mkonge, na kiwanda chote huitwa hivyo.) Nilimuuliza asili yao, akanijibu "Sisi watu wa Tanga tu." Nikauliza tena, ikawa hivyohivyo. Nikaacha, tukanywa chai, kisha nikamwambia:

"Siku mnamzika mzee, nani aliingia kaburini?"

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Eh! Yule mzee! Alilala mle ndani kwenye mwanandani, kajifunika mkeka, anasema hatoki hadi apewe kuku na shilingi. Anamtukana marehemu, anasema kafa na deni la babu zake."

"Mlimpa?"

"Tungefanyaje? Jua linazama."

"Na yeye alikuwa mtu wa wapi?"

"Tulikuwa tukimwita Mhehe."

Binti yake aliyekuwa akiandika akasimamisha kalamu. Wangoni na Wahehe walipigana vibaya katika miaka ya 1870 na 1880, na leo ni watani, na mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya vituko vya namna ile msibani. Familia ilisahau asili yake, mtani hakusahau. Lakini mtani mmoja si cheti. Wahehe wana watani wengine pia, kwa hiyo binti nilimwambia aandike "Mngoni" kwa penseli, na pembeni: "kasema mama, kwa habari ya mazishi". Akitokea wa pili kusema hilohilo bila kuambiwa, ndipo aweke wino.

Kwako wewe, muulize shangazi mengine ya namna hiyo. Babu akihesabu fedha peke yake alihesabu kwa lugha gani? Mtu hubadili dini, hubadili jina, watoto wakakua na Kiswahili tu, ila shilingi zake mara nyingi huzihesabu kwa lugha ya mama yake. Akikasirika alitukana vipi? Jumapili ngoma zilipolia kambini, alikwenda kucheza upande upi? Na muhimu kuliko yote, alikuja na nani? Watu wa kijiji kimoja waliandikishwa pamoja na kusafiri pamoja. Huenda babu yako hana ndugu Korogwe, lakini rafiki yake wa safari aliacha watoto, na watoto hao wanajua kijiji. Tafuta familia ya rafiki.

Usipande basi la Songea wala la Kigoma kabla ya kupata jina la kijiji. Ukienda Songea na jina moja tu la babu utarudi na picha za Makumbusho ya Maji Maji, na nauli imekwisha.

Bibi, nimechora ukoo wetu nikapata kina Juma watano na kina Kombo wanne. Binamu yangu anasema nimekosea, mimi nasema sikukosea. — Wa Mkinga

Hukukosea, na yeye hakukosea. Kwenu Wadigo, kama kwa Wamijikenda wengine, mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba. Juma anamzaa Kombo, Kombo anamzaa Juma, Juma anamzaa Kombo, na Kombo huyo akiwa na ndugu watatu wa kiume kila mmoja naye ana Juma wake. Mkikaa kubishana kwa majina mtalala hapohapo.

Mtofautishe kwa mama. Juma wa Bi Fatuma, Juma wa bi mdogo wa Moa, Juma aliyeoa Vanga. Ndoa ndizo zinazotenganisha kina Juma. Majina ya utani nayo yana thamani kuliko mnavyodhani, maana jina la kupewa hurudiwa, lakini "Juma Kidole" alikuwa mmoja. Liandike hata kama halina heshima.

Halafu angalia maneno yetu wenyewe yasikupoteze. Kaka yake babu naye ni babu. Mtoto wa baba mkubwa ni kaka, hasemwi binamu. Mzee akikuambia "huyo ndugu yangu", usiandike kitu mpaka uulize: tumbo moja? Baba mmoja mama mbalimbali? Au watoto wa mkubwa na mdogo? Siku ile kikundi kimoja kilichora babu mwenye wake saba, watu wakapiga makofi. Tulipouliza sawasawa wakatokea kuwa mababu watatu, wote wanaitwa babu Kombo.

Shikamoo Bibi. Bibi yangu anasema alizaliwa mwaka wa nzige, na kwamba mama yake aliolewa kwa rupia 20. Kwenye kitambulisho ameandikiwa 1 Julai 1940. Nishike lipi? — Mwalimu, Handeni

Marahaba mwalimu. Hiyo 1 Julai iache kwanza. Ni tarehe ya karani. Mzee akikosa tarehe, karani humpa katikati ya mwaka ili foleni isogee. Najua kwa sababu nimeziandika nyingi kwa mkono wangu huu, Mungu anisamehe.

Shika rupia. Rupia ilikuwa fedha ya Wadachi, yaani Wajerumani, kuanzia 1904 ikigawanywa kwa heller 100, na Waingereza walileta shilingi 1921. Mahari ya rupia inakwambia ndoa ilifungwa kabla shilingi haijazoeleka, tuseme mwanzoni mwa miaka ya 1920 au nyuma ya hapo. Sasa uliza bibi ni mtoto wa ngapi. Nzige nao hawakuja mara moja, ila wa mwanzoni mwa miaka ya 1930 ndio wanaotajwa sana na wazee wetu wa huku. Kama ndoa ni ya 1920 na bibi ni wa nne au wa tano, nzige wa 1930 na kitu wanakaa vizuri kuliko 1940.

Usikomee hapo. Ukumbini tulifunga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirisha hadi dirisha, tukabana karatasi kwa vibanio: reli ya Tanga kufika Moshi 1911; vita vya Tanga, Novemba 1914, nyuki walipowauma askari; homa kubwa ya 1918; shilingi 1921; vita vya Hitla 1939 hadi 1945; Uhuru 1961; Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa mashamba ya mkonge 1967; kuhamia vijijini 1974; vita vya Kagera 1978; kufariki kwa Sokoine, Aprili 1984; mvua za El Nino 1997. Kisha kila mtu akaja kubana watoto wa kwao katikati. Mzee asiyejua mwaka hata mmoja alibana watoto tisa bila kusita. "Huyu alikuwa mgongoni tunahama kijiji. Huyu alikuwa tumboni."

Bibi yako muulize hivi: vita vya Hitla vinakwisha, alikuwa ameshavunja ungo? Akisema ndiyo, 1940 imekufa yenyewe. Ila wewe ni mwanamume, swali hilo mtume dada yako au mkeo, wewe kaa barazani.

Na kama kuna msahafu wa zamani nyumbani, omba ufunguliwe kurasa za mwanzo na za mwisho. Watu wa pwani waliandika humo vizazi vyao kwa hati za Kiarabu. Lakini hesabu ya Hijria fanya kwa uangalifu. Kijana mmoja alikuta mwaka 1350, akajumlisha 579, tofauti ya miaka hii yetu, akapata 1929. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo tofauti inabadilika kadiri unavyorudi nyuma. Mwaka 1350 ulianza Mei 1931.

Bibi, kuna haja ya kwenda Dar es Salaam kwenye nyaraka za taifa? — Kijana wa Lushoto

Ipo, lakini si wiki hii. Maliza kwanza walio hai, halafu kanisa. Kwenu Lushoto Wamisheni wa Kijerumani walifika Mlalo 1891, huku kwetu Magila Waingereza walikuwepo kabla ya hapo, na kitabu cha ubatizo kinabeba jina la mtoto, wazazi na wasimamizi. Wasimamizi wasome kwa makini, mara nyingi ni ndugu. Kumbuka pia kwamba huenda babu alibatizwa akawa Yohana, kwa hiyo jina unalolijua wewe huenda limo mahali padogo pembeni, au halimo. Nenda na barua ya kujitambulisha, omba kwa mchungaji au padri, usipige picha kabla ya kuruhusiwa, na mikono iwe imenawa. Sisemi mafuta ya maandazi, lakini nasema.

Ukishakuwa na majina, kijiji na miaka ya kukisia, hapo nenda Upanga, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Uliza vitabu vya wilaya, walivyoandika mabwana shauri wa Kiingereza kuhusu koo, majumbe na mipaka. Vina mengi, na vina makosa ya mtu aliyekuwa akitafsiriwa. Mafaili ya Wadachi yapo pia, kwa Kijerumani cha mkono kinachowashinda hata Wajerumani wa leo.

Shikamoo. Mzee wetu alipofika kwa mama yake babu akanyamaza, akasema, "Huyo hakuwa wa hapa, basi." Nilipombana akakasirika. Pembeni watu wananong'ona kwamba alikuwa mtumwa. Nifanyeje nipate ukweli? — Binti wa Pangani

Marahaba mwanangu. Jambo la kwanza: acha kumbana.

Nakwambia hivyo kwa sababu nilibana mimi. Mkusanyiko wetu wa kwanza, nikiwa na chaki mkononi na kiherehere cha ukarani, nilimuuliza mzee mmoja mbele ya ukumbi mzima, "Na huyu bibi alitoka wapi?" Nilidhani nauliza kijiji. Ukumbi ukawa kimya. Mzee akatafuta bakora yake chini ya benchi, hakuipata upesi, na sisi sote tukimtazama anavyoinama. Akatoka. Nilikwenda kwake mara mbili kuomba radhi, mara zote nikaambiwa amelala. Mwaka uliofuata tukamzika. Alichokuwa nacho amekwenda nacho, na wajukuu zake hawajanilaumu kwa mdomo, ila ninavyosalimiwa najua.

Pangani ilikuwa mlango wa misafara, na nyumba isiyo na habari hiyo kwa upande mmoja au mwingine ni chache. Wadachi hawakuufuta utumwa moja kwa moja. Walitoa amri kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya 31 Desemba 1905 wawe huru. Kufutwa kwenyewe kwa sheria kulikuja na Waingereza, 1922. Piga hesabu: mzee wako akiwa na miaka 85, huyo bibi anaweza kuwa alimlea baba yake, au alimbeba yeye mwenyewe. Kwako wewe ni historia. Yeye anamkumbuka mtu, na huenda anakumbuka na maneno aliyokuwa akiambiwa mtu huyo kisimani.

Kaa naye bila daftari. Muulize alichokuwa akipika, alivyokuwa akiimba akitwanga, jina gani alilowapa watoto bila mtu kuelewa limetoka wapi. Nenda pia kwa wanawake wakongwe wa ukoo, wao husema vitu hivi wakati wa kuchambua mchele. Kama kuna sanduku la zamani, huenda imo hati ya uhuru yenye muhuri wa Wadachi, maana zilitolewa nyingi. Ila usijenge hadithi juu ya jina peke yake. Watu wakisikia Mabruki au Feruzi wanakimbilia kusema mtumwa, na waungwana waliowapa watoto wao majina hayo wapo.

Katika kauntabuku lako, mahali pa asili yake, usiandike "haijulikani". Andika "haijasemwa", na tarehe. Masjalani haya ni mafaili mawili tofauti. Na kundi la ukoo la WhatsApp lisijue lolote mpaka mzee mwenyewe aseme liende.

Bibi, nilimrekodi babu saa mbili nzima kwa simu. Simu imeibiwa stendi. Nimebaki na jina moja tu nililoandika kiganjani. Nilie? — Mwenye Mkosi, Muheza

Lia kidogo. Kisha hilo jina la kiganjani liandike kwenye karatasi kabla hujaoga.

Halafu rudi kwa babu. Mweleze ukweli kwamba simu imekwenda, atacheka, na kicheko hicho kitakufungulia mlango. Atasimulia upya na hatasimulia vilevile. Mara ya kwanza alikuwa na kaka watatu, mara hii atakuwa na wanne, kwa kuwa yule wa nne alifariki mdogo na siku ile hakutaka kumtaja. Nimeyaona hayo mara nyingi mpaka siku hizi mtu akinijia na rekodi nzuri namwambia arudi tena hata kama haijaibiwa. Safari hii andika kwa kalamu huku simu ikirekodi pembeni, jioni hiyohiyo mtumie shangazi yako nakala. Na sukari kilo mbili usisahau, mara ya kwanza najua ulikwenda mikono mitupu.